Fizio wa timu ya chuo Marekani: bosi wake awe kocha au daktari?

Wakuu, nimebishana wiki nzima na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekimbia mbio ndefu kwa ufadhili katika chuo kimoja Marekani. Nikaona nilete hapa.

Ninayemwita fizio, wenzetu wanampa jina linalosikika kama mkufunzi wa mazoezi, ndiyo maana wengi wanadhani ni msaidizi wa kocha. Si kweli. Ni mtu wa tiba, mwenye leseni karibu kila jimbo, na siku hizi anaandaliwa kwa shahada ya uzamili. Asubuhi anafunga vifundo vya miguu plasta, mchana anampima aliyegongwa kichwa, jioni ndiye wa kusema "leo huchezi".

Sasa anayesema "leo huchezi" analipwa na idara ileile inayotaka ushindi Jumamosi. Mimi nasema aondolewe huko, awe chini ya hospitali au kitengo cha afya cha chuo.

Mfano wangu ni Chuo Kikuu cha Maryland. Mei 29, 2018, Jordan McNair, miaka 19, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, alikuwa mazoezini akikimbia yadi 110, raundi kumi. Akaishiwa nguvu, wenzake wakamshikilia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba tangu dalili zianze hadi simu ya dharura kupigwa ilipita yapata saa nzima, na hakuzamishwa kwenye maji ya baridi. Alifariki Juni 13. Ni kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi, na tiba yenyewe ni pipa, maji na barafu tu! Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, unamzamisha palepale, hospitali baadaye. Akipozwa ndani ya nusu saa, karibu kila mtu anapona. Agosti mwaka huohuo rais wa chuo alikubali hadharani kwamba chuo kinabeba dhamana, kisheria na kimaadili.

Jibu la 1
Mkuu, mfano wako unakuumbua. Siku ile mafizio walikuwepo uwanjani. Wao ndio hawakupima joto, wao ndio hawakumzamisha. Hapo tatizo ni bosi au ni kazi yenyewe kufanywa vibaya? Mlete chini ya daktari mkuu wa dunia, kama hana pipa la barafu pembeni mtoto anakufa tu.

Jibu la 2
Halafu kanuni ipo tayari. Kanda (ligi) kubwa za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zimeandika kwamba uamuzi wa daktari na fizio kuhusu nani arudi uwanjani, kocha hana ruhusa ya kuupindua. Unataka nini tena? Fizio akihamia hospitali atakuja na saa za ofisi. Nani atasafiri na timu kwa basi usiku? Kumjua mchezaji ni kukaa naye.

Mleta mada
Jibu la 1, umenikamata, nakubali. Pale uzembe ulikuwa wa watu wa tiba wenyewe, na pipa lingetosha kuokoa maisha.

Ila la kanuni bado silimezi. Kanuni inasema kocha asipindue uamuzi. Haisemi uamuzi wenyewe unazaliwaje. Kocha mpya huja na watu wake, na fizio analijua hilo kila anaposhika kalamu.

Mdogo wangu msimu uliopita aliumwa muundi. Fizio akambonyeza mfupa kwa kidole gumba, dogo akaruka kitandani. Akaambiwa hapa ni wiki tatu bila kukimbia. Kisha yule bwana akainuka, akafunga mlango, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Kwa kocha nikiandika mbili, utaweza?"