Kamati ya nyumba ya mtaa: ipite kuelimisha au ipite na faini?

Mkazi wa Kigogo
Wakuu, habari za jioni. Tangu ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024, kila anayezungumzia ukaguzi anazungumzia maghorofa. Lakini sehemu kubwa ya watu wa Dar wanalala nyumba za chini, vyumba sita au nane, ukumbi katikati, mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Hizo hakuna anayezikagua. Hoja yangu: kila manispaa iwe na chombo chake cha nyumba chenye kamati kila mtaa. Wapite nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Waangalie mabati na mifereji ya paa, nyufa, nyaya, gesi, na shimo la choo. Swali ni moja: waelimishe tu, au wawe na uwezo wa kutoza faini? Mimi nasema safari ya kwanza elimu na karatasi ya kasoro, safari ya pili faini. Na wapangaji wasisahauliwe, maana uharibifu mwingi wa nyumba za vyumba unatoka kwao.

Mpangaji Buza
Uliandika vizuri mpaka ukafika sentensi ya mwisho. Mpangaji ndiye anayepanda juu kung'oa misumari ya bati? Ndiye aliyejenga ukuta bila mkanda wa zege? Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, lakini inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua LUKU ni mimi. Elfu moja kila mwezi ninamlipia mtu mwingine, halafu mnaniita mharibifu.

Tabata Kimanga
Siyo elfu moja tena, mkuu. Ilianza 1,000 mwaka 2021, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ghorofa inahesabiwa kwa kila sakafu. Na deni ni la mwenye nyumba, mnatakiwa mkatane kwenye kodi ya chumba.

Mwenye Nyumba Mbagala
Mkatane vipi? Nyumba ya vyumba vinane, 1,500 gawanya kwa nane haifiki shilingi 190 kwa chumba. Ndiyo mnagombea hiyo? Ngoja niseme wapangaji wanaharibu nini, kwa hesabu. Soketi ya ukutani inachomekwa ekstensheni ya bei ya chini, waya wake una unene wa milimita za mraba 0.75, haustahili kubeba zaidi ya ampea 6. Juu yake inakaa hita ya kuzamisha kwenye ndoo, wati 2,000, na pasi, wati 1,500. Jumla 3,500 kwenye volti 230 ni ampea 15. Waya unachemka, umepitishwa chini ya godoro au nyuma ya pazia. Breka ya soketi, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ni ya ampea 20, kwa hiyo haioni kosa lolote. Nyumba ikiungua anapoteza nani?

Mpangaji Buza
Anapoteza aliyelala ndani, ndugu yangu. Nyumba inajengwa upya.

Fundi Umeme Tandika
Hesabu ya ekstensheni ni sahihi, sina neno. Lakini uliza kwa nini ekstensheni ipo. Chumba kimewekewa soketi moja karibu na mlango, na saketi moja ya soketi, yaani njia moja ya waya kutoka kwenye boksi la breka, inazunguka nyumba nzima. Nyumba ya vyumba nane inahitaji angalau saketi nne za soketi, kila moja waya wa 2.5 na breka yake ya ampea 20, na kila chumba soketi pacha mbili. Kosa baya zaidi liko darini. Saketi ya taa ina waya wa 1.5 na breka ya ampea 10. Mpangaji anaunganisha soketi kutoka kwenye taa, breka inakatika kila jioni, mwenye nyumba anaitisha mtu aweke ya 20 "isisumbue". Breka haikuwa inasumbua, ilikuwa inalinda ule waya. Ukiweka ya 20, waya unaungua ganda lake juu ya singibodi na breka imetulia. Kamati ikiweza kufungua boksi la breka tu na kulinganisha namba ya breka na unene wa waya, imeshaokoa watu.

Mzee wa Magomeni
Na huyo "mtu" anayeweka ya 20 ni nani kama si ninyi mafundi wa kijiweni? Mnalaumu mpangaji, mnalaumu mwenye nyumba, mkono ulioshika bisibisi ni wenu. Ukaguzi uanze na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla ya kugusa nyumba ya mtu.

Fundi Umeme Tandika
Shikamoo mzee wangu. Leseni ni haki kuulizwa, na asiyekuwa nayo asiguse boksi. Lakini kusema mafundi wote wa kijiweni ni hao hao ni kutudhulumu. Fundi mwenye leseni anamwambia mwenye nyumba: hapa lazima nivute waya mpya kutoka kwenye boksi, mita 30, siku nzima ya kazi. Mwenye nyumba anasema ni ghali, anamwita mwingine. Asubuhi breka ya 20 imekaa pale. Mteja ndiye aliyechagua.

Nondo 16
Turudi kwenye hoja kidogo, maana nyufa zimepitwa. Kwa nyumba zetu za pwani adui mkubwa ni chumvi. Mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye zege, au zege likifunika nondo kwa sentimita moja tu badala ya mbili na nusu au zaidi, nondo zinapata kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, inasukuma zege, vipande vinadondoka chini ya slabu au baraza. Watu wanapiga plasta juu na rangi. Hiyo ni kufunika jipu.

Matengenezo yenyewe: kwanza egemeza slabu kwa mirunda. Gonga kwa nyundo, panapotoa sauti ya utupu ndipo pabovu. Chimba mpaka upite nyuma ya nondo kama sentimita mbili, uendelee pembeni hadi uone chuma kisafi. Piga brashi ya waya mpaka king'ae. Nondo iliyopungua unene kiasi cha kuonekana kwa macho, funga nyingine pembeni yake, ipishane na chuma kizima angalau mara 40 ya kipenyo. Nondo ya milimita 12 ni sentimita 48. Paka uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka jaza mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga wa mtoni tatu. Mwagilia siku saba. Mirunda isitolewe kabla ya wiki tatu.

Ufa wa ukuta: weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili na uandike tarehe. Ufa ukipita alama baada ya masika, msingi unatembea. Ufa mpana kiasi cha kuingiza ukingo wa sarafu, unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, aitwe mhandisi, siyo mpaka rangi. Na ukutani ambako mtu anataka kutoboa fremu ya duka, asivunje kabla ya kujua ukuta huo umebeba nini.

Dada wa Sinza
Asante Nondo 16. Hapo kwenye ukaguzi ongezeni grili. Kila dirisha Dar lina grili iliyolehemewa moja kwa moja. Moto ukianzia ukumbini, chumba cha mwisho hakina pa kutokea. Chumba kimoja kimoja kiwe na dirisha moja lenye grili ya bawaba, uwazi usiopungua sentimita 45 kwa 75, kufuli kwa ndani, funguo kwenye msumari wake palepale ila mkono wa nje usifike. Na namba ya Zimamoto, 114, iandikwe kwa rangi ukutani ukumbini.

Mwenye Nyumba Mbagala
Grili ya kufunguka ni mlango wa mwizi. Nani atawajibika wakiibiwa?

Dada wa Sinza
Kaka, kufuli lipo ndani. Mwizi anayeweza kukata kufuli la ndani anaweza kukata na grili.

Tabata Kimanga
Kuhusu nani alipe, jibu lipo. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88: ukipangisha sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye anayebeba paa, kuta za nje, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja. Kamati haina haja ya sheria mpya kwa hayo.

Mzee wa Magomeni
Fundi, nina swali jingine. Nyumba nyingi hazina ile breka ya kuvuja umeme, yenye kitufe cha T na maandishi 30 mA. Au mnaitoa ninyi wenyewe?

Fundi Umeme Tandika
Mzee, hilo nalijibu kwa moyo mmoja. Ndiyo, wengine wanaitoa, na sababu ni hii. Breka hiyo inalinganisha umeme unaokwenda kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana milliampea 30, inakata. Nyumba ya vyumba nyutro zimechanganywa: chumba cha tatu kinaazima nyutro ya taa ya ukumbi, mita ndogo za wapangaji zimefungwa hovyo. Hapo breka inaona umeme unakwenda haurudi, inakata kila dakika. Fundi mvivu anairuka kwa waya. Dawa ni kutenganisha nyutro saketi kwa saketi, kuzifungua moja moja kwenye boksi na kupima, siyo kuitoa.

Pili, asi, yaani waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini kupitia fimbo ya chuma (rodi). Mchanga mkavu wa Dar haushiki umeme vizuri. Watu wanamwaga chumvi kwenye asi rodi, masika inaisafisha yote na klampu imeshaliwa. Ongeza rodi ya pili, umbali wa mita mbili au zaidi, uziunganishe. Ukiwa na breka ya 30 mA, ardhi ikipimwa chini ya ohm 100 uko salama. Bila breka hiyo, hata rodi tatu hazikutoshi.

Mwenye Nyumba Mbagala
Swali la kweli, fundi. Nikiweka breka hiyo moja kwa nyumba nzima, chumba kimoja kikivuja wote wanane wanakaa giza, halafu wananigongea usiku. Niweke ngapi?

Fundi Umeme Tandika
Mbili zinatosha kuanzia. Moja ya soketi zote, moja ya taa, ili soketi zikikata ukumbi uwe na mwanga. Ukiwa na uwezo, weka nne, kila vyumba viwili na yake. Kitufe cha T kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu, umeme ukiwepo. Isipokata ukibonyeza, imekufa, badilisha siku hiyohiyo.

Mpangaji Buza
Mwenye nyumba, kubonyeza kitufe nitabonyeza mimi. Boksi lako liko ukumbini, umelifungia kwa kufuli. Utaacha funguo?