Mrejesho: Michango ya kupaua kanisa letu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mwaka jana niliuliza hapa usharika wetu wa kijijini upate wapi fedha za kupaua kanisa bila kuwachosha washarika kwa michango ya kila Jumapili. Asanteni sana mlionijibu.

Tulifuata ushauri wa kusubiri sikukuu ya mavuno, tukanadi mazao baada ya ibada. Mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanadiwa tena na tena, wazee wakashindana kama vijana! Mabati yamepatikana na yameshapigwa.

Bahasha za Kwaresima, zile za washarika kuwekea sadaka katika mfungo wa kabla ya Pasaka, ndizo zilizogoma. Ni msimu wa kulima, ada za shule zimeshakomba mifuko, nyingi hazikurudi. Dari bado, tunaisubirishia mavuno yajayo.