Kinga (baiskeli) ya umeme au VTT (baiskeli ya mlimani) ya kawaida kwa milima ya Kabare? Naomba ushauri

Agronome wa Bagira

Jambo wandugu.

Mimi ni agronome (mtaalamu wa kilimo), nakaa Bagira hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kazi yangu ni wakulima wa kahawa. Siku nne kwa juma niko njiani huko Kabare: Miti, Kavumu, Katana, na vijiji vya juu ambako pikipiki inadai pesa kuliko posho yangu ya siku. Kinga yangu ni VTT ya chuma, magurudumu ya inchi 26, nina nayo mwaka wa tisa. Nyuma nafunga mfuko wa sampuli za kahawa, mizani ndogo, koti la mvua na maji. Yote ni kama kilo 10.

Shida ni goti la kushoto. Mwaka jana nilianguka nikiwa abiria wa pikipiki, na tangu siku ile mlima ukikaza nashuka nasukuma. Kuna mlima mmoja juu ya Miti, udongo mwekundu, unaanzia kwenye daraja la miti na kuishia penye mikaratusi. Zamani niliupanda wote bila kunyanyuka kwenye kiti. Sasa nausukuma wote. Juma lililopita mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliweka jembe lake chini akaja kunisaidia kusukuma. Nilimshukuru, lakini usiku sikulala vizuri.

Mdogo wangu yuko Liège, Ubelgiji. Ameona VTT ya umeme iliyokwisha kutumika, mota iko katikati penye pedali, betri ya Wh 625 (wati-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), na anataka kuninunulia. Ni pesa nyingi kwake. Je, itanifaa huku kwetu, au itafika, ifanye kazi miezi sita, kisha ilale ukutani? Nataka jibu la watu waliozigusa.

Mwana Birere

Kaka, nakuandikia kutoka Goma. Nilipewa baiskeli ya umeme kazini, si ya mlimani, ila mota ni mota. Mambo mawili. Mawe yetu ya volkano yanakata tairi bila huruma, na kinga nzito ikitoboka unaisukuma kwa jasho. La pili ni umeme wenyewe. Usiku mmoja ulikatika, uliporudi ulirudi kwa nguvu, chaja ikaungua. Nilikaa miezi mitatu nikingoja chaja nyingine, na baiskeli nzima haina kosa. Ukichukua, nunua stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme) kabla ya kitu kingine chochote.

Huku mtu wa chukudu (kinga ya mbao isiyo na pedali) anashusha magunia ya viazi kutoka upande wa Kibati kwa ubao na kipande cha tairi kama breki, na ikivunjika anaitengeneza hapohapo kwa panga na misumari. Nilimwaza sana katika miezi ile mitatu.

Mama Neema, Namur

Kaka agronome, pole kwa goti. Mimi ni mzaliwa wa Nyawera hapo Bukavu, niko Ubelgiji mwaka wa 14, na ninazo zote mbili: VTT ya kawaida ya kilo 13 na ya umeme ya kilo 24. Kwanza nitetee ile ya umeme, maana wengi wanadhani ni pikipiki. Haina mkono wa kuongeza mwendo. Usipokanyaga, haiendi. Kuna kipimo ndani kinachosikia nguvu ya mguu wako, kisha mota inaongeza juu yake, na kwa sheria za Ulaya inaacha kukusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Jasho linatoka. Tangu 2019 kuna hata mbio za ubingwa wa dunia za VTT za umeme. Za kwanza zilifanyika Mont-Sainte-Anne, Kanada, na upande wa wanaume alishinda Alan Hatherly wa Afrika Kusini.

Nilipopasuliwa goti mwaka 2020, ile ya umeme ndiyo iliyonirudisha porini. Sitasema uongo hapo. Bila yake ningeacha kabisa.

Sasa hesabu, maana wauzaji hawakuambii. Chukua mwili wako kilo 72, kinga 24, mzigo 10. Kuinua kilo 106 mita 1,000 juu kunahitaji karibu Wh 290, kabla hujahesabu tope, msuguano na joto linalopotea kwenye mota. Miguu yako inalipa sehemu, mota inalipa iliyobaki. Betri yangu ya 625 ilipokuwa mpya ilinipa mita 1,500 hivi za kupanda. Sasa imechoka, inanipa 1,100. Ya mdogo wako imekwisha kutumika, basi aulize imechajiwa mara ngapi. Duka lenye kompyuta ya kampuni huweza kuisoma. Na kumbuka kilele cha juu kabisa cha Ubelgiji, Signal de Botrange, ni mita 694, wakati ziwa la Kivu peke yake liko mita 1,460. Kinachoitwa mlima huku, kwako ni njia ya sokoni.

Jambo jingine: mdogo wako asidhani atakuja nayo kwenye ndege. Betri ya lithiamu ikizidi Wh 160 hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria, ya begi wala ya mkononi. Itabidi iende kwa meli kama mzigo wa hatari, Mombasa au Dar es Salaam, kisha barabara. Wengine wanatuma kinga bila betri wakidhani watapata nyingine huko. Usifanye hivyo. Mota na betri zinatambuana, na ya kampuni nyingine haikubali.

Fundi wa Kadutu

Mzee agronome, salamu. Natengeneza kinga karibu na soko la Kadutu tangu nikiwa kijana, na nitakuambia nilichokishika kwa mikono yangu.

VTT ya umeme iliwahi kufika kwangu mara mbili, ileile moja, ya mgeni aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini. Mara ya kwanza kioo chake kilionyesha namba ya kosa na mota ikagoma. Nilizungusha gurudumu la nyuma polepole, nikaona sumaku ndogo iliyofungwa kwenye spoki imezunguka, haiangalii tena kile kipimo cha mwendo kwenye fremu. Nikairudisha kwa vidole, nikakaza skrubu moja, ikaamka. Alifurahi, na mimi pia. Mara ya pili namba ilikuwa nyingine. Mnyororo mzuri, breki nzuri, waya zote ziko sawa, betri imejaa. Mota kimya. Ndani ya ile mota siingii, maana inafunguliwa na kompyuta ambayo mimi sina, na simjui fundi yeyote mjini hapa aliye nayo. Iliondoka kwangu ikisukumwa, na iliniuma, kwa sababu kitu kizuri namna ile hakikustahili.

Hata hivyo, hilo silo ninalotaka kukuambia hasa. Nataka kukuuliza: kiti chako kiko juu kiasi gani?

Watu wengi hapa Bukavu wanaendesha na kiti chini sana ili miguu yote miwili iguse udongo. Goti linakunjwa mno kila mzunguko, na mtu akipanda mlima hivyo, sehemu ya mbele ya goti inalia. Fanya hivi: egemea ukuta, kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Kama bado umekunjwa, pandisha. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

La pili, hesabu meno. VTT nyingi za umri wa yako zina meno 24 mbele kwenye duara dogo na 28 nyuma kwenye kubwa. Kila ukizungusha pedali mara moja, unasogea kama mita 1 na sentimita 76. Ukiweka friwili ya nyuma yenye meno 34, unasogea mita 1 na 45. Sentimita 30 ni kidogo ukiziona kwenye rula, lakini kwenye mlima wako mwekundu ni tofauti ya kukanyaga na kusukuma. Friwili ya 14 hadi 34 ni ya kufungwa kwa uzi kama ile uliyo nayo. Mnyororo uongezwe vipande viwili vitatu, na uangalie kama ule mkono wa kuhamisha mnyororo unafika. Ikivunjika, naitengeneza. Nikikosa kipande, nakikata kwa kingine.

Mama Neema amesema kweli kuhusu goti lake, simpingi. Ila ana duka kilomita chache kutoka kwake. Wewe siku mota itakapogoma uko juu ya Miti, mvua ya saa nane inaingia, njia imekatwa na korongo, na unabeba kilo 24 begani kuvuka maji, ukiongeza mfuko wako. Ile ya kwako uliyoizoea ni kilo ngapi? 15, 16?

Agronome wa Bagira

Aksanti sana wote. Nimepima. Meno ni 24 na 28 kama fundi alivyosema. Na kiti… kisigino kwenye pedali, goti limekunjwa kabisa. Miaka tisa! Bomba la kiti limeshikwa na kutu ndani ya fremu, halitoki. Jumamosi naileta.

Fundi wa Kadutu

Ijumaa jioni ipindue, magurudumu juu, mimina mafuta ya taa ndani ya bomba la fremu kutoka chini ili yashuke mpaka kwenye kutu, uyaache mpaka asubuhi. Usipige nyundo.

Agronome wa Bagira

Wandugu, narudi baada ya majuma matatu.

Bomba lilitoka. Fundi alipandisha kiti vidole vinne, akafunga friwili ya 34 aliyoipata kwenye kinga ya zamani, akaongeza mnyororo. Juma la kwanza nilihisi kama nitaanguka, miguu haifiki chini. Sasa nimezoea.

Ule mlima wa Miti: Jumanne nilianza darajani nikiwa kwenye gia ya mwisho, polepole, mtu wa mguu karibu ananipita. Kona ya kwanza, ya pili. Goti lilikuwa moto lakini halikuchoma. Nilishuka kwenye kona ya tatu, pale maji ya mvua yamechimba katikati ya njia, nikasukuma mita kama 200 mpaka kwenye mikaratusi. Yule mama alikuwa shambani. Alinyanyua mkono, hakuja.

Nimezungumza na mdogo wangu. Nimemwomba asinunue sasa. Nitaonana na daktari wa mifupa mwezi ujao, na akisema goti haliwezi kupona, nitarudi hapa na swali la Mama Neema kuhusu ile betri. Desemba anakuja likizo, na kwenye begi ataleta tairi mbili za inchi 26 zenye meno makubwa, raba za breki na mnyororo mpya. Fundi, je, mnyororo wa kasi 7 na wa 8 (yaani gia za nyuma) ni uleule, au nimwambie achague kwa makini?

Fundi wa Kadutu

Ni uleule. Alete miwili.