Kikundi cha familia: dawa za Bibi

Dada Mkubwa (saa 1:05 asubuhi): Shikamooni wakubwa. Jana nilimpeleka Bibi kituo cha afya akaandikiwa dawa za presha, lakini dirisha la wazee halikuwa na kitu, na mhudumu akatueleza kwamba halmashauri imepunguza fungu la dawa, hivyo tukanunue nje. Bahasha yake ya kaki imebaki na vidonge viwili. Naomba tukubaliane leo.

Dada Mkubwa (saa 4:40): Watu kumi na mmoja mmesoma, na hakuna aliyejibu.

Mjomba (saa 5:12): Niko Mwanjelwa, mwanangu, napakia viazi. Presha ya Bibi itashuka mkimzimia runinga siku ya Simba na Yanga.

Binamu (saa 5:15): Ni kweli, mechi iliyopita alivunja kikombe.

Dada Mkubwa (saa 5:20): Mjomba, tuuache mpira kwanza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na kitambulisho cha matibabu bure Bibi anacho, lakini dawa zenyewe hazipo.

Baba Mdogo, Iringa (saa 8:30 mchana): Samahani kwa kuchelewa. Kwa nini hatukumkatia kadi ya CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita?

Shangazi (saa 8:34): Fedha ya kadi tulichanga mwaka ule wa msiba, na aliyeishika unamfahamu.

Baba Mdogo (saa 8:36): Hilo nilishalieleza, dada.

Dada Mkubwa (saa 8:41): Hata kadi ingekuwepo, dawa zisipokuwepo kituoni tungeambiwa vilevile tukanunue nje.

Binamu (saa 9:02): Tusiwasahau wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, kwa hiyo makusanyo yakishuka fungu nalo linashuka, na kikundi cha ushonaji cha mdogo wetu bado kinasubiri.

Babu Mdogo (saa 11:50 jioni): Nimesomewa yote. Shemeji yangu aliwabeba ninyi nyote mgongoni, na leo asubuhi nimemkuta anakata kidonge kwa kisu ili vimfikishe Jumatano. Sitaki kusikia habari ya fedha ya kadi mpaka dawa iwe mezani kwake. Kwa diwani nendeni wengi, kwa maana nilipokwenda peke yangu alinikalisha kwa heshima, na jambo likaishia pale.

Mjomba (saa 12:20): Tumekusikia, Baba. Nimetuma 10,000.

Baba Mdogo (saa 12:31): Shikamoo Baba. Nami natuma usiku huu.

Dada Mkubwa (saa 12:45): Asanteni. Dawa nitanunua kesho asubuhi. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo diwani atusikilize kabla ya kikao cha baraza la madiwani. Nani atakwenda nami Jumanne?

Shangazi (saa 2:10 usiku): Nitakwenda, ila tusiwe wawili tu.

Binamu (saa 3:25): Jumanne nina zamu kazini. Alhamisi hapatikani?