Mpinzani asiyetupa karata: nipangeje dau langu?

Swali

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri kuhusu poka ya Texas. Kuna mpinzani ninayekutana naye mara kwa mara, ambaye hufuata karibu kila dau mpaka karata ya mwisho na ni nadra kumwona akipandisha dau. Juzi nilikuwa na shupaza nne nikisubiri ya tano ili nipate karata tano za aina moja, ambazo ni mkono wenye nguvu, nayo haikutoka. Fedha zilizokuwa zikigombewa mezani zilikuwa 100. Nikaweka 50 ili nimtishe, naye akanitazama kidogo, akalipa, akafunua jozi ya saba. Hii ni mara ya tatu. Je, niweke dau kubwa zaidi ili aogope?

Jibu la kwanza

Hapana ndugu yangu, acha kabisa kumtishia. Unapoweka 50 mahali penye 100 ukiwa huna kitu, ni lazima atupe karata zaidi ya mara moja katika tatu ndipo upate faida, na ukiweka 100 ni lazima atupe zaidi ya nusu ya mara. Tuseme hutupa mara moja tu katika tano: kwa dau la 50 utachukua 100 mara moja na kupoteza 50 mara nne, yaani umeshapoteza 100.

Faida yako iko kwenye karata nzuri za kawaida, zile ambazo wengi huzionea shaka. Ukiwa na ree na mfalme, na mezani ikatoka ree nyingine, usipite (yaani usiache kuweka dau) kwenye karata ya mwisho kwa hofu. Weka 75, kwa sababu mtu huyu atalipa hata kwa jozi ndogo. Ikiwa wewe ndiye wa mwisho kuamua, kinachotakiwa ni umshinde zaidi ya nusu ya mara anazolipa. Akilipa mara 10 ukashinda 6, dau la 75 limekuongezea 150, ilhali la 50 lingekuongezea 100 tu.

Jibu la pili

Naunga mkono, ila nasisitiza jambo moja lililonigharimu sana: mtu aliyekuwa akifuata tu tangu mwanzo akipandisha dau ghafla kwenye karata ya mwisho, mwamini. Mimi hutupa hata jozi mbili. Tena mara tatu ulizomwona akilipa ni chache kumhukumu mtu. Angalia pia ni karata gani anazofunua baada ya kulipa.

Muuliza swali

Nimeelewa, asanteni. Na nikiwa bado nasubiri shupaza ya tano?

Jibu la kwanza

Ikibaki karata moja, shupaza 9 kati ya karata 46 usizoziona zinakufaa, takriban mara moja katika tano. Akipita, pita nawe uione bure. Akiweka 25 penye 100, lipa, kwani unatoa 25 kugombea jumla ya 150. Akiweka 100, tupa. Shupaza ikitoka, weka dau kubwa bila kuficha, maana atalipa.