Naomba ushauri: kushindilia sufu kwa mashine juu ya kanga na kitenge kwa ajili ya kwilti ya ukutani

UkunguWaLimuru aliandika:

Wanajukwaa wenzangu, hamjambo. Nimeshona nguo kwa miaka mingi, lakini sasa najaribu kazi ambayo mafundi wa mtaani kwangu hawaifahamu, ndiyo maana naleta swali hapa. Nina mashine ya kushindilia sufu, ile isiyo na uzi wala bobini, ambayo sindano zake tano zenye vijino hudunga kwa kasi na kuzisukuma nyuzinyuzi za juu ziingie katika kitambaa cha chini mpaka zishikane. Nakusudia kuitumia kutengenezea uso wa kwilti ya sanaa, yaani kazi ya tabaka tatu, kitambaa cha juu, pamba ya kati na bitana ya nyuma, zilizoshonwa pamoja, ila hii itatundikwa ukutani badala ya kutandikwa kitandani. Mandhari ni mashamba ya chai ya huku kwetu asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka. Vichaka vya chai vitatokana na vipande vya kitenge cha kijani, na ukingo wa kazi yote utatokana na pindo la kanga.

Yanayonisumbua ni haya. Kitenge kinakataa: sindano zinakatika, panabaki matundu, na sufu inang'oka nikiivuta kwa vidole. Kanga nayo inajikunja, kiasi kwamba kipande nilichokikata mraba kinatoka pembe zikiwa zimepinda. Sielewi kama inafaa nishindilie kabla ya kuunganisha tabaka tatu au baada yake. Isitoshe, sufu nyeupe ninayoiweka juu ya kijani ili iwe ukungu inaonekana kama povu la sabuni lililomwagika shambani. Mwenye uzoefu anisaidie.

SufuNaPamba alijibu:

Dada, nianze na kitenge, kwa sababu humo ndimo matatizo yako mengi yalimozaliwa. Unyoya wa kondoo una magamba madogo yanayong'ang'aniana, na ndiyo yanayofanya sufu igande inapopata maji ya moto, sabuni na msuguano. Pamba haina magamba hayo. Mashine yako haitumii maji, inategemea vijino vya sindano peke yake, kwa hiyo inaweza kushikanisha hata poliesta na hariri, lakini kwa sharti moja: lazima kuwe na nyuzinyuzi zilizolegea za kusukumwa, na chini yake kuwe na kitambaa chenye nafasi ya kuzipokea. Kitenge kimefumwa kwa kubana sana, na kikiwa kipya bado kina wanga wa kiwandani. Sindano ikifika hapo haipati pa kupenya pasipo kukata uzi, na matundu unayoyaona ni nyuzi zilizokatika.

Usikifanye kitenge kuwa msingi. Tafuta msingi wa sufu, kwa mfano blanketi kuukuu lililofuliwa kwa maji ya moto likanywea, kisha kitenge kikae juu yake vikiwa vipande vidogo. Kifue kwanza wanga utoke, kikate vipande visivyozidi upana wa kidole, uzichambue kingo zake mpaka ziwe na ndevu. Juu yake tandaza sufu nyembamba sana ya kijani, kiasi cha kuona rangi ya kitenge kwa chini, ndipo ushindilie. Sufu ya juu itapita kati ya ndevu hizo na kujifunga katika blanketi, na kitenge kitakuwa kimeshikwa katikati. Hapo hakitang'oka.

Kuhusu kupinda, hakuna mashine ya aina hii isiyonyweza kitambaa, kwa sababu kila nyuzi inayosukumwa chini huvuta jirani zake. Mafundi hawapambani na jambo hilo, hukata mwishoni. Acha ziada ya sentimita tano au zaidi kila upande, shindilia eneo lote kwa wepesi kabla ya kurudia sehemu unazotaka ziwe nzito, geuza kitambaa mara kwa mara, kisha kipige pasi ya mvuke kwa nyuma na kukiacha kipoe kikiwa kimelala. Baada ya hapo ndipo upime na kukata mraba wako.

FundiCherehani alijibu:

Kukatika kwa sindano si lazima kuwe kosa la kitambaa peke yake. Katika cherehani ya kawaida, meno yaliyo chini ya mguu ndiyo yanayosogeza kitambaa, lakini katika mashine hii mkono wako ndio unaosogeza, na ukivuta wakati sindano zimo ndani zitajipinda, zigonge bamba la chini na kukatika. Kanyaga pedali kwa nguvu ili mashine iende kasi, ila mkono uende polepole. Usipite juu ya mishono minene, pini, wala kitambaa kilichobandikwa kwa gundi ya pasi, kwani gundi hujaza vijino na sindano hubaki kutoboa tu bila kubeba nyuzinyuzi. Chunguza pia kama zilizobaki zimechakaa. Kijino kikilika, sindano huonekana nzima ilhali haifanyi kazi, na pengine hiyo ndiyo sababu mojawapo ya sufu yako kung'oka.

Baada ya kila kazi fungua bamba la chini utoe vumbi lote kwa brashi. Vumbi la sufu ni jepesi na huingia kifuani, kwa hiyo vaa barakoa.

NakshiPwani alijibu:

Mwanangu, waliotangulia wamekujibu vizuri kuhusu mashine, nami naomba nizungumzie usanifu, kwa kuwa naona umeamua kuhusu vitambaa kabla ya kuamua kuhusu mwanga. Mandhari ya ukungu haitokani na rangi nyeupe. Inatokana na vilima vya mbali kupoteza giza lake hatua kwa hatua, hata kilima cha mwisho kikaribiane na anga. Gawa picha yako katika ngazi nne au tano, toka kijani kizito cha vichaka vya mbele hadi kijivu hafifu cha nyuma, upange sufu na vitenge vyako kwa ngazi hizo. Kisha vipige picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vitenge viwili vya kijani ulivyodhani vinatofautiana vikionekana sawa katika picha hiyo, kimoja kati yake hakina kazi pale ulipokiweka.

Ukungu wenyewe usiupake kwa juu. Weka sufu nyeupe nyuma ya msingi wako wa kijani, geuza kazi kifudifudi, ushindilie kutoka nyuma. Sindano zitapitisha nyuzinyuzi chache chache hadi upande wa mbele, nazo zitatokeza zikiwa zimetawanyika, hafifu, bila ukingo. Unapotaka ukungu mzito zaidi, rudia. Penye bonde unaweza kuongeza kipande cha shifoni nyeupe kwa mbele, kilichochanwa kwa mkono wala si kwa mkasi, maana ukingo wa mkasi haufichiki kamwe.

Pindo la kanga ni wazo zuri, lakini tafadhali lisishindiliwe hata kidogo. Kanga ni kitambaa chenye fremu yake tayari: kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, na kuna jina. Ukilishona pindo likabaki limelala na laini kuzunguka mji wa sufu, tofauti ya nyuso mbili hizo ndiyo itakayolivuta jicho ndani. Msanii wa Marekani Faith Ringgold aliziona thangka, yaani picha za kidini za Kibuddha zilizozungushiwa vitambaa, katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum huko Amsterdam mwaka 1972, akaanza kuzungushia michoro yake vitambaa badala ya fremu za mbao. Mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mshonaji, ndiye aliyemsaidia, na mwaka 1980 wakatengeneza pamoja kwilti yake ya kwanza. Nakutajia hilo kwa sababu sisi wa pwani tumekuwa na pindo hilo mikononi siku zote na bado tunakwenda kununua fremu za kioo.

MamaViraka alijibu:

Mimi ninatofautiana kidogo na SufuNaPamba. Ukiwa na tabaka la kati la sufu, hakuna haja ya blanketi. Shindilia uso wako moja kwa moja juu ya tabaka hilo, uongeze bitana baadaye. Kazi huwa nyepesi na hainingʼinii vibaya ukutani.

SufuNaPamba alijibu:

Inawezekana, Mama Viraka, na kwa kazi ndogo nami ningefanya hivyo. Hata hivyo, tabaka la kati lililolegea hunywea bila mpangilio, na kwa mandhari yenye mistari ya vilima anayoitaka dada huyu, mistari itahama. Jambo tunalokubaliana, nadhani, ni kwamba bitana isiwepo wakati wa kushindilia. Ikiwepo, sindano zitasukuma sufu hadi nyuma, nyuma patakuwa na manyoya, na mishono ya kwilti haitakuwa na kazi tena kwa sababu tabaka zote zitakuwa zimegandana.

UkunguWaLimuru aliandika:

Nawashukuru nyote, na Bi. Nakshi nimekusikia kuhusu pindo. Nimebakiwa na maswali mawili. Nina mashuka ya Kimaasai ya rangi nzito ambayo yangefaa kuwa msingi, lakini sijui kama ni sufu. Pia, nikishamaliza kushindilia, nishoneje kwilti bila kuilaza sufu yote?

SufuNaPamba alijibu:

Mashuka mengi yanayouzwa siku hizi ni ya akriliki au pamba. Chomoa nyuzi moja, ishike kwa koleo juu ya sinia la chuma na uiguse kwa moto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu, na pamba huungua kwa harufu ya karatasi. Shuka la akriliki si la kutupwa, linaweza kupokea sufu kwa sindano likiwa limefumwa kwa kulegea, ila halitanywea kwa maji ya moto na pasi yako iwe ya joto dogo. Ukitaka kununua sufu mbichi kwa wafugaji, uliza kwa wanaofuga Corriedale, Merino au Romney. Kondoo wekundu wa Kimaasai na Dorper hawana sufu ya kazi hii. Ioshe kwa maji ya moto bila kuikorogakoroga, mafuta yatoke, uichambue ikikauka. Kazi ikikamilika iangalie mara kwa mara kwa nyuma, kwa sababu nondo hupenda giza lililo kati ya sufu na ukuta.

FundiCherehani alijibu:

Kwa mishono rudi kwenye cherehani ya kawaida. Shusha meno, weka mguu wa kutarizia, sindano namba 90, na upunguze mgandamizo wa mguu kama cherehani yako ina sehemu ya kurekebisha. Shona mahali panapotakiwa kudidimia tu, kama vile mitaro kati ya safu za chai na mpaka wa kilima na kilima, na sehemu za ukungu usiziguse. Anza katikati uelekee kingoni. Pindo la kanga liunganishwe kabla ya mishono hiyo, baada ya uso kukatwa mraba, ili tabaka la kati na bitana vifike mpaka ukingoni. Juu kwa nyuma shonea mfuko mrefu wa bitana, wenye kimo cha sentimita kumi, upitishe ufito ndani yake, maana kazi ya sufu ni nzito na ukiitundika kwa pembe mbili italegea katikati.