Kazi zinaisha ila mi ndo naisha, mnafanyaje?

Mchapakazi
Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Kazini nafanya vizuri tu na bosi anasifia, shida ni kwamba kila nikimaliza kazi moja naongezewa mbili, nikifika nyumbani meseji za ofisi zinaingia mpaka usiku, nikilala naamka nimechoka vilevile. Nimejaribu ratiba, kuamka mapema, programu za simu za kupangilia kazi, matokeo yake nafanya kazi nyingi zaidi basi. Siku hizi hata kazi niliyokua naipenda naiona kero, wateja wananiudhi kabla hawajafungua mdomo. Sitaki kuzembea na kuacha kazi siwezi. Nyie mliodumu mnafanyaje?

Mama Zamu
Pole sana ndugu yangu. Hicho unachoeleza kinajulikana kabisa, kwa Kiingereza wanakiita burnout, Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walikiingiza kwenye ICD-11, yaani orodha yao ya magonjwa na hali za kiafya, wakasema wazi sio ugonjwa, ni hali inayotokana na stresi ya kazi ya muda mrefu isiyodhibitiwa. Wametaja mambo 3: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kuona huna tena uwezo wa kuifanya vizuri. Mawili ya kwanza umeyasema mwenyewe.
Sasa ratiba nzuri haipunguzi mzigo, inakusaidia kuubeba haraka tu halafu unatwishwa mwingine. Yaani hapo ndo watu wachapakazi wanapoumia, mzembe haongezewi kazi. Kaa uandike kila kitu ulichonacho mkononi na muda kinachokula, mpelekee bosi, usimwambie umechoka, muulize hii mpya ikiingia ipi isubiri? Mabosi wengi hawajui umebeba nini maana walikupa kidogo kidogo kwa siku tofauti.

Fundi Kimya
Naunga mkono, na masaa uyahesabu kweli kweli pamoja na hizo meseji za usiku. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti, wanaofanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari yao ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17, ukilinganisha na wa masaa 35 mpaka 40. Ufaransa tangu 2017 sheria inayataka makampuni makubwa yajadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima mawasiliano ya kazi baada ya muda wa kazi. Kwahiyo usijisikie vibaya kuzima simu.

Mja wa Mkataba
Mama Zamu nakuheshimu ila sio kila mtu ana bosi wa kuongea naye, sisi wa mkataba mfupi ukiuliza ipi isubiri unaambiwa wewe ndo usubiri nyumbani. Kwa mtu wa hivyo naona pa kushika ni pale penye uwezo wake hata kama ni padogo. Mi kilichonisaidia ni kuacha kurukaruka. Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy, mwaka 2009 alionyesha kwamba ukiiacha kazi moja katikati ukahamia nyingine, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka na hiyo mpya unaifanya vibaya. Na baadaye akaonyesha kwamba ukiandika kwa kifupi umeishia wapi na utaanzia wapi, akili inaachia. Basi mi kila nikikatizwa naandika mstari mmoja, na jioni kabla sijaondoka naandika vilevile. Kazi hazijapungua ila nikifika nyumbani sizifanyi tena kichwani, na usingizi umerudi.

Mama Zamu
Hapo umeniongezea kitu, kweli wa mkataba hali yake ni nyingine.

Mchapakazi
Asanteni sana, kesho naanza na huo mstari wa jioni na orodha ya bosi naiandaa wiki hii. Ila swali, likizo ipo, niichukue sasa au nisubiri nimalize miradi?

Fundi Kimya
Ichukue sasa, miradi haiishi. Ila ongea na bosi kabla hujaondoka, maana ukirudi ukakuta mzigo uleule hiyo nafuu haitadumu. Na kama umepumzika vizuri na bado unaamka umechoka nenda kapime, upungufu wa damu, shida ya tezi ya shingo na sonona vyote vinaleta uchovu wa namna hiyohiyo na tiba zake ni tofauti kabisa.